Namna ya kusoma saa ya jua ya Jantar Mantar, Jaipur, hadi ikubaliane na simu yako

Februari ile tulikuwa Delhi tukimsubiri shangazi amalize kliniki zake. Daktari akatupa siku tatu za kupumzika, nikapanda treni kwenda Jaipur. Kwenye kiwanja cha Jantar Mantar nilimkodi mwongoza wageni aliyetuzungusha kwa dakika ishirini, akatupiga picha, akadai bakshishi, akaondoka. Nilibaki peke yangu mbele ya saa ya jua ya mawe. Niliisoma: saa 4:12 asubuhi. Simu yangu ilisema 4:53. Nikacheka kimoyomoyo, nikaona mfalme aliyeijenga alipoteza chokaa yake bure.

Usiku ule nilikaa na karatasi hotelini, na kesho yake nikarudi. Saa ile haikuwa imekosea hata kidogo. Haya ndiyo niliyotamani mtu anieleze kabla sijaingia mlangoni.

Kwanza, jua unachokwenda kukiona

Jantar Mantar ya Jaipur ilijengwa na Sawai Jai Singh wa Pili, mfalme aliyeuanzisha mji wa Jaipur mwaka 1727. Alijenga vituo vitano vya kutazamia anga: Delhi, Jaipur, Ujjain, Varanasi na Mathura. Cha Mathura hakipo tena. Cha Jaipur ndicho kikubwa na kilichotunzwa vizuri zaidi, na mwaka 2010 UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Jina lenyewe limetokana na neno la Kisanskriti yantra, yaani chombo, na ndiyo maana kila kitu humo kinaitwa yantra fulani.

Hakuna lenzi hata moja. Darubini zilikuwa zimeshajulikana kwa zaidi ya miaka 100, na mfalme mwenyewe alizifahamu, lakini kazi ya kituo hiki ilikuwa kupima mahali jua, mwezi na nyota zilipo, kwa jicho, kivuli na alama zilizochongwa kwenye jiwe. Alianza na vyombo vya shaba kama vya wataalamu wa Kiislamu waliomtangulia. Akalalamika kwamba ni vidogo mno, alama za dakika hazienei, na mihimili yake inalika hadi kitovu kinahama. Hapo akageukia mawe na chokaa: kitu kizito, kisichotikisika, kikubwa kiasi kwamba dakika moja inaonekana kwa macho. Mfano wake alikuwa Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand, aliyejenga tao kubwa la kupimia anga miaka 300 kabla yake.

Ukiwa Delhi utashawishika kuishia na Jantar Mantar ya pale, karibu na Connaught Place. Usitosheke nayo. Maghorofa yameizunguka na alama nyingi za vipimo zimefutika. Ni nzuri kwa picha, ila kuisoma ni kazi.

Pili, chagua siku na saa

Bila jua kali hakuna kivuli, na bila kivuli umelipa kiingilio cha kuona kuta. Julai hadi Septemba ni mvua za masika yao, mawingu hayatabiriki. Mei na Juni joto linapita nyuzi 40 na marumaru inakuchoma hadi kwenye soli. Novemba hadi Machi ndiyo miezi yake, ingawa Januari ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka.

Fika asubuhi katikati, ukae hadi adhuhuri ipite. Usiku pamefungwa kwa wageni, kwa hiyo nyota usizitarajie. Kiwanja kiko ndani ya mji mkongwe, jirani na kasri la mfalme na Hawa Mahal. Dereva yeyote wa bajaji anapajua.

Beba vitu hivi: simu iliyowekwa saa ya mtandao, kalamu na karatasi, kofia, maji, na uzi mweusi wa kushonea wenye urefu wa mkono. Uzi ndio utakaokuokoa, nitaeleza. Na jambo moja lisilo na mjadala: usiliangalie jua kwa macho. Kila kitu humu unakisoma kwenye kivuli.

Tatu, simama mbele ya Samrat Kubwa, lakini usianze kusoma

Utauona kabla hujauliza. Samrat maana yake mfalme mkuu, na ukuta huu wa saa ya jua una urefu wa kama mita 27 kwenda juu, ngazi ikipanda mgongoni hadi kwenye kibanda kidogo kileleni. Kwa umbo ni pembetatu iliyosimama, na pande mbili za ukuta kuna matao mawili ya marumaru yanayopanda kama mbawa.

Sasa tazama mteremko wa mgongo wake. Umeinuka nyuzi 27, na Jaipur iko latitudo ya nyuzi 27 kaskazini. Mgongo ule umelala sambamba na mhimili wa dunia, ukielekea pale pale anga linapozungukia. Ungeruhusiwa kukaa chini ya ngazi usiku, ukafuata mstari wa mgongo kwa jicho, ungekutana na nyota ya jaa.

Kwa sisi wa pwani hili lina utamu wake. Jaa tunalitaja, mabaharia wetu walilifuata wakipanda kwenda Arabuni, lakini Dar es Salaam au Mombasa hulioni, liko chini ya upeo. Jaipur limekaa juu, kimo cha nyuzi 27. Usiku uleule nililitafuta kwenye paa la hoteli nikalipata, dogo na lisilo na makeke, tofauti kabisa na nilivyolitarajia.

Kwa kuwa ukuta umefuata mhimili wa dunia, kivuli chake kinatembea mwendo mmoja mwaka mzima: nyuzi 15 kwa saa, kiangazi na kipupwe. Nusu kipenyo cha tao ni kama mita 15, kwa hiyo kivuli kinakwenda karibu mita 4 kwa saa, yaani sentimita 6 na kitu kwa dakika, au milimita moja kwa sekunde. Chagua mstari mmoja kwenye marumaru, ukodolee macho. Utakiona kivuli kinatambaa, kama maji yanavyoingia mchangani bamvua likianza. Nilikaa pale nikasahau kwamba ni mimi na dunia yangu tunaozunguka.

Nne, nenda kwa mtoto wake ukasome

Samrat Kubwa imezungushiwa vizuizi na huwezi kuikaribia vya kutosha. Tafuta Laghu Samrat, yaani samrat ndogo. Umbo ni lilelile, ila hapa alama zinasomeka kwa urahisi. Kubwa imegawanywa hadi sekunde 2. Ndogo hadi sekunde 20, na kwetu sisi inatosha na kubaki.

Jinsi ya kujua uangalie tao lipi: asubuhi jua liko mashariki, basi kivuli kinaangukia tao la magharibi. Kinaanzia juu kabisa saa kumi na mbili asubuhi, kinashuka kadiri jua linavyopanda, na saa sita ya jua kinafika mguuni pa tao, ukutani. Mchana kinahamia tao la mashariki na kuanza kupanda. Mwongoza wageni wangu alituonyesha tao la mashariki saa nne asubuhi, akatusomea wakati kutoka upande ambao kivuli cha ukuta kilikuwa hakijaufikia. Nadhani alikariri tu.

Usihangaike na tarakimu zilizochongwa. Hesabu kutoka mguuni. Mguuni ni saa sita kamili ya jua. Mstari mkubwa wa kwanza juu yake, asubuhi, ni saa tano; wa pili ni saa nne; na kadhalika hadi kileleni, saa kumi na mbili. Kati ya mistari mikubwa kuna ya robo saa, kisha ya dakika, kisha midogo zaidi. Sehemu ya tao iliyo juu ya kivuli inang'aa jua, iliyo chini iko gizani, na wakati unausoma kwenye mpaka wa hizo mbili.

Hapo ndipo utakapokwama, maana mpaka hauko wazi.

Tano, pambana na ukungu wa kivuli

Sogeza uso karibu na marumaru. Ukingo wa kivuli una utepe wa kijivu: unatoka mwanga kamili, unaingia kwenye kijivu, kisha giza kamili. Sababu ni kwamba jua lina upana. Likiwa nusu limejificha nyuma ya ukuta, nusu nyingine bado inamulika. Upana wa jua angani ni kama nusu nyuzi, na kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa, nusu nyuzi ni dakika 2. Kwa hiyo utepe wa kijivu siku zote una upana wa kama dakika 2 za wakati.

Siku zote, nasema, hata kwenye Samrat Kubwa. Ukikuza chombo mara tano, alama zinatanuka mara tano na kijivu nacho kinatanuka mara tano. Kwenye tao la mita 15 utepe ule una upana wa kama sentimita 14. Watu husifia sekunde 2 za Samrat Kubwa bila kutaja hili. Ukubwa unakupa alama pana za kusoma, lakini haukuondolei ukungu; huo unauondoa msomaji kwa ujuzi wake.

Njia rahisi: tafuta mstari ambapo mwanga kamili unaishia, uuandike. Tafuta ambapo giza kamili linaanzia, uuandike. Chukua katikati. Asubuhi ile ya pili, mwanga ulikuwa unaishia 4:11 na giza linaanza 4:13, nikaandika 4:12, na saa hiyohiyo nikapiga picha ya kioo cha simu.

Njia ya wazoefu ni uzi. Unyooshe hewani, upana wa kidole juu ya marumaru, sambamba na ukingo wa kivuli. Jiwe usiliguse. Kwenye mwanga, uzi wenyewe unaweka kivuli chembamba cheusi. Usogeze polepole kuelekea gizani: kivuli cha uzi kinafifia, kinafifia, kinapotea. Mahali kinapopotea ni pembamba kuliko utepe mzima wa kijivu, na ukirudia mara tatu nne unapata pale pale. Mlinzi mmoja alinitazama nikifanya hivyo kwa muda mrefu, kisha akaja akashika upande mmoja wa uzi bila kusema neno.

Sita, badilisha saa ya jua kuwa saa ya ukutani

Sasa ile tofauti ya dakika 41. Ina sehemu mbili, na ya kwanza ni nyepesi.

India nzima inatumia saa moja, iliyopangwa kwa longitudo ya nyuzi 82.5 mashariki. Jaipur iko nyuzi 75.8, magharibi ya hapo. Jua linafika Jaipur baadaye. Kila nyuzi moja ni dakika 4, na nyuzi 6.7 zinatoa karibu dakika 27. Hizo unaongeza siku zote, mwaka mzima.

Sehemu ya pili inabadilika na msimu. Dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja. Mwanzoni mwa Januari iko karibu zaidi na jua na inakwenda kasi zaidi. Tena mhimili wake umeinama nyuzi 23 na nusu. Mambo hayo mawili yakichanganyika, jua huchelewa au kuwahi ikilinganishwa na saa ya ukutani: linachelewa kama dakika 14 katikati ya Februari, linawahi dakika 16 mwanzoni mwa Novemba.

Kama unasali, hili unalijua tayari ila hukuwahi kulipa jina. Tazama ratiba ya sala ya Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Novemba jua linavuka utosi wa siku kwenye saa 6 na dakika 6 au 7 mchana. Katikati ya Februari ni saa 6 na dakika 37. Adhuhuri inahama nusu saa, na wala hatuko mbali na ikweta. Muadhini wako amekuwa akikufundisha hesabu hii miaka yote.

Kwa Jaipur, basi, ukishasoma saa ya jua, ongeza:

Katikati ya Februari, dakika 41.
Katikati ya Aprili, dakika 27.
Katikati ya Mei, dakika 23.
Katikati ya Juni, dakika 27.
Mwisho wa Julai, dakika 33.
Mwanzo wa Septemba, dakika 27.
Mwanzo wa Novemba, dakika 10.
Krismasi, dakika 27.

Tarehe za katikati kadiria mwenyewe. Mimi nilikuwa na 4:12, nikaongeza 41, nikapata 4:53. Simu: 4:53. Mawe ya karne ya 18, yaliyokarabatiwa mwaka 1901 na 1902, yamekubaliana na mtandao hadi dakika.

Saba, vyombo vingine vya kupitia kabla ya adhuhuri

Viko vingi, kama 19, na ukitaka kuvielewa vyote siku moja utaondoka na kichwa kinauma. Mimi ningechagua vitatu.

Nadivalaya ni sahani mbili za mawe zilizoinama, moja inatazama kaskazini na nyingine kusini, kila moja ikiwa na kijiti katikati. Kuanzia Machi 21 hadi mwishoni mwa Septemba jua linamulika uso wa kaskazini. Miezi iliyobaki, wa kusini. Ukijua tarehe unajua uende upande gani. Kipimo cha zamani cha huku ni ghati, ambayo ni dakika 24. Siku nzima ina ghati 60.

Jai Prakash ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Ni mabakuli mawili makubwa ya marumaru yaliyochimbiwa ardhini, kila moja likiwa na upana unaopita mita 5. Juu yake nyaya zimekatiza, na katikati ya nyaya kuna kipande cha chuma chenye tundu. Bakuli ni anga lililopinduliwa: ukingo wake ni upeo wa macho, kitako chake ni utosini. Kivuli cha kile chuma kinaangukia ndani, na pale kinapokaa ndipo jua lilipo angani, limechorwa kwa mistari unayoweza kuifuata kwa kidole hewani. Mabakuli yamekatwa vipande vikiachana na njia, na palipo na jiwe kwenye moja pana nafasi kwenye lingine. Mtazamaji wa usiku alishuka kwenye njia hizo, akaweka jicho kwenye ukingo wa marumaru na kuilenga nyota kupitia kile chuma. Ikipita kwenye nafasi, alihamia bakuli la pili.

Rashivalaya ni samrat ndogo 12, kila moja ya buruji yake. Foleni ndefu ya picha iko hapa, kila mtu akitafuta nyota yake. Ukiwa umewahi kumsikiliza mwalimu wa falaki utazitambua zote: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Ila kila chombo kilitumika pale tu buruji yake ilipovuka mstari wa kaskazini na kusini, kwa hiyo kusimama mbele ya Asadi saa nne asubuhi hakukusomei chochote, hata kama umezaliwa Agosti.

Ikikaribia saa sita ya jua, rudi kwenye Laghu Samrat. Tazama kivuli kikigusa mguu wa tao la magharibi, kikiingia ukutani, kisha uzunguke upesi upande wa mashariki ukisubiri kikitokea.

Nane, ukirudi nyumbani jitengenezee

Nadivalaya ndiyo rahisi kuiga. Kata duara la kadibodi, ligawe sehemu 24 sawa, nyuzi 15 kila moja, kisha pitisha kijiti cha mshikaki katikati kitokeze pande zote mbili, wima kwa kadibodi. Chora mistari nyuso zote mbili. Sasa elekeza kijiti kusini halisi, ukiinua ncha ya kusini kwa nyuzi za latitudo yako: Dar es Salaam ni 7, Mombasa 4, Nairobi moja na ushee. Kusini halisi utaipata kwa kivuli cha fimbo iliyosimama wima, jua likiwa kwenye utosi wa siku. Epuka mwanzo wa Machi na siku za karibu na Oktoba 10 kama uko Dar, maana jua linakuwa juu ya kichwa na fimbo haina kivuli cha kukusaidia.

Utaona kijiti kinakaribia kulala kabisa, na kadibodi imesimama kama sahani kabatini. Ndivyo inavyokuwa kwetu. Samrat Kubwa ikijengwa Nairobi isingepanda angani hata kidogo. Ingekuwa ukuta mrefu uliolala, ngazi zake zisizofika popote.

Asubuhi kivuli cha kijiti kinaangukia upande wa magharibi wa duara, adhuhuri kinaelekea chini moja kwa moja, jioni mashariki. Masahihisho ya msimu ni yaleyale ya Jaipur. Kinachobadilika ni ile 27 ya longitudo. Dar es Salaam na Zanzibar weka 23, Mombasa 21, Nairobi 33, Mwanza 48, Kampala 50. Kigali hesabu yao inatoka sifuri: mji uko karibu juu kabisa ya mstari wa saa yao, na wanabaki na masahihisho ya msimu peke yake.